Mupanga yenye inachokaka

Leo siku ya posho mutoto ya yaya alikuja kulala kwetu hapa Katuba, ana miaka 11, akakamata manete ya muchezo ya video kutoka asubui mupaka saa ya bukari, mi nilikuwa mu kiti pembeni nasoma telefone yangu bila kumuangalia sana. Mara nasikia analalamika: "Papa mudogo! Mupanga imezimika!" Nikazani umeme imeenda, juu kwetu ni hivyo kila siku, lakini tele ilikuwa inawaka muzuri kabisa. Kumbe ni mupanga ya Link, ule kijana unamuchezesha mu Breath of the Wild, muchezo moya ya Zelda, ile kubwa, ile ya hadithi, alipiga nayo mashini za zamani kule mu pori mupaka nguvu ikaisha, ikapotea mu mukono.

"Sasa nafanya nini?"

"Ungojee. Dakika 10."

"Dakika 10?!" Akaniangalia sawa vile nimemuambia angojee mvua mu mwezi wa saba. "Lakini si ni mupanga ya uchawi?"

Nilicheka mupaka machozi, na hakuelewa juu ya nini, nikamuambia nitamuelezea kiisha nikaona afazali niandike juu iko murefu. Mutoto alisema kitu yenye kambo yangu alikuwa anabishana nayo miaka makumi mbili imepita, paka yeye alikuwa anaishika upande ingine.

Kwa wale hamujue: michezo ya Zelda ni ya Nintendo, ilianza 1986, na mupanga yenyewe iliingia 1991 kule Japani mu A Link to the Past. Kwa Kiingereza banaiita Master Sword. Karibu kila muchezo mukubwa ya seri iko mule, imesimama mu jiwe, inangojea kijana mumoja ya nguo ya kijani. (Siku hizi anavaa bleu, sijazoea.) Sisi huku tulikuwa tunacheza mu Kifaransa, na mu Kifaransa ya zamani walikuwa wameipa jina Excalibur, mi nilizani ni jina ya muntu, nikakuwa nangojea huyu Excalibur atatokea lini aseme kitu. Baadaye kwa Twilight Princess mu 2006 wakageuza wakasema Épée de Légende. Mi naita mupanga, basi. Najua huku kwetu mupanga ni ya kukata manyasi na miwa, wala haina heshima mingi, lakini ndiyo jina kambo alikuwa anaipa na sina sababu ya kugeuza.

Kambo ni baba ya mama. Alitoka upande ya Bukama, akaja Lubumbashi kijana, akafanya mu atelye ya watu miaka na miaka, na kisha kupumuzika akatengeneza kifasi yake nyuma ya nyumba pale Katuba: makala, muvuba ya kupulizia moto, kipande ya reli yenye ilikuwa inamusaidia kama fuawe, na milima ya resori za kamyo za kizee. Resori ya kamyo ndiyo chuma muzuri, alisemaka, ikibeba tani za munkoyo na mahindi kutoka Kasenga bila kuvunjika haiwezi kukataa kuwa jembe. Alikuwa anafua majembe, visu, na mipanga. Macho yake ilikuwa myekundu kila siku, inatoa mayi, juu ya moshi na kuangalia moto miaka yote ile. Sisi watoto tulizani kambo analiaka bure.

Karibu 2001 tonton yangu akarudi ku Bulaya na Nintendo 64 mu sakoshi, kaseti mbili, moya ya mupira na moya Ocarina of Time, ile ya 1998. Tele ilikuwa mu salo, na salo ilikuwa ya kambo, kwa hiyo kila kitu tulicheza alikuwa nyuma yetu mu kiti yake ya mbao, anakula karanga, anatoa maneno. Hakuna muntu aliwahi kuona Zelda na mukosoaji mukali kumupita ule muzee.

Siku tulifika mu Temple of Time sitaisahabu. Unakuwa umezunguka umepata mawe tatu, unapiga wimbo ya wakati na filimbi, mulango ya jiwe inafunguka, na ndani, mu mwangaza ya dirisha, mupanga imesimama peke yake. Yaya ndiye alikuwa na manete. Link bado mutoto, akaikamata na mikono mbili, akaivuta, mwangaza ikajaa tele yote. Anaamuka amekuwa muntu mukubwa. Muzee mumoja anamuelezea kwamba alikuwa mudogo sana kwa kubeba ile mupanga, basi ikamulalisha miaka 7 mupaka akomae, na mu ile miaka 7 Ganondorf, yaani Ganon, adui mukubwa ya muchezo, alipita ku mulango yenye wewe mwenyewe ulifungua na akakamata nchi yote. Unatoka inje, soko yenye ulikuwa unakimbilia mbwa iko tupu, maiti zinatembea. Sisi tulinyamaza. Tulikuwa tumefanya vizuri kila kitu walituambia na matunda yake ikakuwa hiyo.

Nyuma yetu sauti: "Nani aliifua?"

"Kambo, ni ya uchawi."

"Nimesikia. Nani aliifua?"

Yaya akamuambia kaseti haisemake. Kambo akatafuna karanga. "Chuma haijifue. Na mu jiwe humo, na unyevu ile, miaka mingapi haina kutu? Mutu gani anaipakaa mafuta?" Kutoka pale kila fwa mupanga inaonekana ku tele alikuwa anauliza tena, nani aliifua, sawa vile polisi, mupaka mama alikuwa anamuambia baba acha watoto wacheze.

Sasa kuna kitu mu ile muchezo watu wengi wanapitaka haraka na kwetu ilikuwa vita kabisa. Kule kwa Wagoron, wale watu wa mawe wenye kukula mawe, kuko fundi mumoja anaitwa Medigoron, anakuuzisha mupanga kubwa ya mikono mbili kwa rupia 200, feza ya ndani ya muchezo. Tulichanga rupia siku tatu kwa kukata manyasi na kuvunja vyungu. Tukainunua. Tukapiga nayo kidogo tu, mara chache, krak, ikavunjika ikabaki kipande sawa kijiko.

Kambo alifurahi sana, nasema kweli, sikuwahi kuona muzee amefurahi vile. Akasimama! Akasema huyu fundi alifanya haraka, alichoma chuma ikapita kipimo kiisha akaitupa mu mayi mara moja na hakuirudisha ku moto kidogo kwa kuilainisha, sasa imekuwa ngumu sawa sahani, na kitu ngumu sawa sahani inavunjikaka sawa sahani. Akatutoa inje mu jua kutuonyesha. Alikuwa na kisu moya alikuwa ameharibisha kusudi, akaipiga ku reli, ikakatika mbili. Kisha akatuonyesha ingine, alivyoirudisha ku moto pole pole anaangalia rangi inapanda ku chuma, manjano sawa majani ya chai ya kwanza, kisha kahawia, kisha inaanza kuelekea bleu, na pale unasimamisha. Yaya alikuwa anataka kurudi ku Nintendo. Mi nilibakia.

Halafu kule juu ya mulima ya moto kuko mukubwa yake, Biggoron, fundi mwenyewe, mukubwa sawa nyumba. Huyu ndiye anajua kazi. Lakini kwa kumufikia lazima upite mu biashara ndefu ya kubadilisha vitu: unaanza na yai, inakuwa kuku, kuku inakupeleka ku uyoga, uyoga ku dawa, dawa ku musumeno, musumeno ku mupanga yenye kuvunjika. Unapeleka ile mupanga kwa Biggoron na anasema hawezi, macho inamuuma juu ya mulima kutapika moto. Anakupa karatasi ya dawa. Unashuka mupaka ku ziwa, kuko munganga mumoja anatengeneza dawa ya macho na chura, na lazima uikimbize mupaka kule juu kuko saa inahesabu, huwezi kuruka na wimbo ya filimbi, ni miguu na farasi.

Wakati yaya alisoma kwa sauti kwamba fundi macho inamuuma, kambo aliacha kutafuna.

"Macho?"

"Ndiyo kambo. Juu ya moto."

Akanyamaza kidogo. "Huyu ndiyo fundi," akasema. Kiisha: "Na ile dawa munaipataka wapi?"

"Kwa docteur, kule ku ziwa."

"Mukimuona mumuambie iko mwingine hapa Katuba."

Tulimupeleka Biggoron dawa na ilikuwa mara ya tatu juu mbili za kwanza saa iliisha, na mara moja umeme ilikatika tukiwa karibu kabisa ya kufika juu, nakumbuka yaya alitupa manete ku ukuta. Kupata dawa haitoshi. Biggoron anakupa karatasi, anakuambia rudi kisha siku 3. Kambo akasema vizuri, siku tatu ni ya haki, mutu akikuambia kesho ukimbie. Na ile mupanga ya Biggoron inapiga mara mbili kupita Excalibur. Mara mbili! Paka haiwezi kushika ngabo nayo juu ni ya mikono mbili.

Shida ilikuja ku mwisho. Ganon anakugonga, anakutupia mupanga ya uchawi inje ya duara ya moto, unabakia na kazi ya Biggoron, unamupiga ku mukia mupaka anachoka. Lakini kwa kumumaliza, pigo ya mwisho kabisa, muchezo inakatala, lazima ile ingine. Kambo alikasirika. "Kwa hiyo huyu afanye kazi yote na ule akuje kupigwa foto." Na mi naona alikuwa na haki, sijapata hata leo jibu ya kumupa kwa hii.

Lakini kwa ile swali ingine, jibu iko. Kambo alituacha 2007. Mu 2011 Nintendo ikatoa Skyward Sword ku Wii, mi nilikuja kuicheza nyuma sana ku Wii ya okazyo, na muchezo yote, masaa makumi na makumi, ni kujibu kambo. Nani aliifua. Iko hivi: mu mwanzo ni mupanga ya mungu muke Hylia, si ile bado, iko na roho ndani yake anaitwa Fi, na Link anatembea nayo kutafuta mioto tatu mitakatifu, ya Farore, ya Nayru, ya Din, na ku kila moto anaipeleka mupanga ndani inageuka, urefu, rangi, sura ya mupini. Ku moto ya tatu ndiyo inakuwa ile tunajua. Kiisha Zelda, ule binti yenye jina yake iko ku michezo, anaibariki, na ku mwisho wanafungia ndani yake ule mukubwa ya mashetani, Demise, na Fi analala humo. Yaani fundi ni Link mwenyewe. Muntu yenye kuishika ndiye aliipitisha ku moto, mara tatu, kwa mikono yake.

Niliposimama pale nilitaka kugeuka nyuma nimuambie. Hakuna muntu mu kiti.

(Mawe tatu, mioto tatu, na ku bendera ya Katanga misalaba tatu ya shaba, hii ni mi najipangia kichwani, hakuna mujapani alifikiria bendera yetu. Lakini kambo alikuwa na musalaba moya ya vile, ya zamani, nzito, alituelezea ilikuwa feza, batu walikuwa wanauza na kuoa nayo mbele ya Mubeleji, na wenye kuyeyusha waliitwa wakula shaba. Na kule kwao Baluba wanasemaka Kalala Ilunga, mfalme yao ya zamani, ndiye alileta ufundi ya kufua chuma muzuri. Kwa muzee mfalme na fundi haikukuwa watu wawili. Kwa hiyo naona angeikubali ile hadithi ya Link na mioto yake bila shida, angeuliza tu walitumikisha makala ya muti gani.)

Muchezo yenyewe haiko muzuri sana kupita zingine, niseme ukweli. Unatikisa manete sawa vile mupanga, ukitikisa vibaya inakatala, na Fi anasemaka sana, mupaka anakuambia batri ya manete yako inakaribia kuisha. Mu Lubumbashi! Najua, Fi, najua, asante.

Wind Waker ya 2002 niliicheza nyuma ku kompyuta ya rafiki na pale ndipo nilianza kuona kitu yenye naandikia hii posti. Unashuka mu chini ya bahari mu nyumba ya wafalme ya zamani, kila kitu kimesimama bila rangi, unavuta mupanga, unajisikia mukubwa, unafika mbele ya Ganondorf na anakuchekelea: haina nguvu tena. Imekufa mu mukono yako. Kumbe kulikuwa wenye hekima wawili walikuwa wanaomba kila siku kwa kuipa nguvu na yeye aliwaua wote wawili. Lazima utafute wengine wawili, wafundishwe ile maombi, waikae pale waifanye. Hapo kambo angepiga mikono: kumbe iko mutu anaipakaa mafuta!

Na ukirudi nyuma mupaka ile ya 1991 iko vilevile, kule Kakariko kuko mafundi wawili, mumoja alipotea akageuka chura mu dunia ya giza, ukimurudisha kwa mwenzake unawaachia mupanga, unaenda zako, unarudi unaikuta wameipa makali mupya. Hiyo si ya miungu. Ni atelye, unaacha kitu, unarudi.

Sasa niko kwa mutoto ya yaya. Breath of the Wild ilitoka 2017 na mu ile kila silaha inavunjika, unapiga mara kumi inapasuka, watu walilia sana juu ya hiyo ku intaneti. Mupanga ya hadithi haivunjike lakini inachoka, na watu wakalia mara ya pili: ya hadithi inachoka aje? Kwanza kuipata: iko mu pori ya ukungu chini ya muti muzee, na ukiivuta inakunywa mioyo yako (ndiyo uzima yako mu muchezo), moya moya, ukikataa kuiachia unakufa pale pale. Inaomba mioyo 13, na unaanza muchezo na 3 tu. Mi nilienda na 9. Nikakula chakula ya kuongezea mioyo ya manjano, nikazani niko mujanja, haiihesabu hata moya. Nikakufa mara mbili mbele ya ule muti, nikarudi ku njia kama mutoto wa masomo yenye amefukuzwa juu ya minerval.

Na ukiipata, nguvu yake ni 30, silaha za kawaida zinaipita. Ikikaribia mashini za Ganon au Ganon mwenyewe inawaka bleu inapanda 60. Yaani inajua kazi yake iko wapi, kwa kukata miti haikupe roho yake yote. Na ikichoka unaiacha dakika 10 inarudi. Mi hiyo naiona ni akili sana. Hakuna chuma kambo alifua yenye haikurudi kwake kwa kunolewa, watu wa Katuba walikuwa wanaleta mipanga zao kila mwanzo wa mvua, na hakuwahi kusema hii ni mbaya juu imerudi.

Mu Tears of the Kingdom, 2023, walienda mbali zaidi, dakika za kwanza tu Ganondorf anaivunja, vipande, na mukono wa Link pamoja nayo. Inaenda mu zamani kwa Zelda, na kwa kuitengeneza anameza jiwe moya ya siri anageuka joka ya mwangaza anaruka mu mbingu maelfu ya miaka, mupanga imechomwa ku kichwa yake inakunywa mwangaza. Unaitafuta kule juu, unaivuta ku kichwa ya joka. Hii sitaieleza sana juu mutoto bado hajaifika na anasomaka telefone yangu.

Saa ya bukari ikafika, dakika 10 ilikuwa imepita zamani, nikamuambia mupanga yako imerudi. Hakusikia, alikuwa amelala ku kanape na manete mu mukono. Nyuma ya mulango ya jikoni iko ingine, ya kambo, ya resori, mama anaitumikishaka kwa miwa. Mupini tumegeuza mara mbili, na kwa kunolewa sana imekuwa nyembamba sawa kisu ya samaki. Mama ananiambia wiki hii haikate tena, niipeleke kwa ule kijana ya kunoa pale soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nitaenda naye, kesho, akiamuka.